Tupeane uzoefu: Krismasi kijijini, kila mtu na sufuria yake

Mke wa Kwanza
Wakuu, Desemba ndiyo hiyo, tunapanda Kilimanjaro. Mwaka huu kupanga chakula kumeniangukia mimi. Hesabu yangu: baba mkwe ana sukari, wifi kaolewa Tanga, yeye na mumewe ni Waislamu, mama mdogo ni Msabato, na mwanangu wa pili akionja karanga anavimba midomo. Waliobaki wanataka kitimoto cha nguruwe na pombe ya mbege. Nyie mnafanyaje?

Mzee wa Migombani
Chakula kimoja, asiyetaka alale. Tumekulia mtori wa ndizi, hakuna aliyekuwa na "mahitaji".

Kichuguu
Mzee, enzi hizo wenye sukari walikufa tukasema wamerogwa.

Nakazia Tu
😂😂 Nakazia.

Mama Pacha
Wa karanga ndiye wa kuangalia kwanza. Kwetu bibi alionywa mara tatu, akaitikia, halafu akatia kwenye mchicha "kijiko kimoja tu cha kunogesha". Mchicha wa mtoto pika mwenyewe, na mwiko wake ukae nao.

Binti wa Ukweni
Uzi huu umenikumbusha Krismasi ya 2020. Iliangukia Ijumaa, shikeni hilo, balaa lote lilianzia hapo.

Mbuzi kafungwa kwenye mgomba tangu asubuhi. Tulikubaliana achinje shemeji yetu Muislamu, naye wa Tanga, ili tule wote. Shemeji kaenda swala ya Ijumaa, na msikiti uko mbali, chini barabarani. Mama mdogo wetu naye ni Msabato, kila dakika anachungulia saa: jua likizama Sabato imeingia, hataki kuona sufuria chafu. Kitimoto kinachomwa nyuma ya zizi, moshi unakuja moja kwa moja kwenye pilau ya wageni. Wifi yangu kanuna.

Sasa babu. Anachoma insulini kabla ya kula. Saa saba kajukuu kakamwambia, "Babu, chakula tayari." Kalimaanisha wali maharage wa watoto. Babu kachoma sindano, akakaa kivulini kusubiri mbuzi ambaye bado alikuwa anatafuna majani.

Saa nane na robo napita na beseni la ndizi, namwona shati limelowa mgongo mzima. Nikamwambia shikamoo babu. Akanijibu, "Mwambie dereva asimame." Dereva gani? Mashemeji wakacheka, mzee kawahi mbege. Na kweli kata ya mbege ilikuwa pembeni yake. Nikaiangalia: imejaa, povu limekauka juu. Hajaigusa.

Nilipiga kelele. Wifi aliyenuna ndiye aliyekuja mbio na soda. Mimi nilikuwa nimeshika ile isiyo na sukari tuliyomnunulia mzee kwa heshima, akanipokonya, akafungua ya watoto, akamnywesha kidogo kidogo. Baada ya robo saa babu akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Mbuzi yuko wapi?"

Kichuguu
Nimesoma nimesimama.

Nesi Mstaafu
Wifi wako apewe zawadi. Akiwa bado anameza, mpeni soda yenye sukari, au sukari kwenye maji, kisha chakula. Akizimia msimmiminie kitu mdomoni, kimbizeni hospitali. Na sindano ya chakula ichomwe sahani ikiwa mbele yake.

Mzee wa Migombani
Ndiyo maana nasema mtori. Hauna sukari, ungekuwa tayari saa sita.

Nesi Mstaafu
Ndizi mbichi ni wanga, mzee. Ale, lakini bakuli moja, siyo matatu.

Mzee wa Migombani
Bakuli moja ni la kuonja.

Shemeji Mtulivu
Mimi ni Muislamu, nimeoa Rombo. Kila mwaka nabeba sufuria yangu na kisu changu, nachinja alfajiri kabla ya yote. Sijawahi kugombana na mtu.

Mangi Mdogo
Kubeba sufuria ukweni ni dharau. Ni kama kusema sisi hatuoshi vyombo.

Shemeji Mtulivu
Umewahi kuviosha vizuri kiasi gani baada ya kitimoto?

Mangi Mdogo
Na nyie mnaokula kitimoto mjini usiku mkifika huku mnakunja uso?

Mama Pacha
Jamani, mtoto wa karanga tumemsahau tena.

Mke wa Kwanza
Basi nimeamua: mbuzi achinjwe tarehe 24 jioni, shemeji akishafika. Kitimoto kiende kwa jirani, walaji waende huko huko. Baba mkwe ale wa kwanza.

Nakazia Tu
Jirani amekubali?

Mke wa Kwanza
Hajaambiwa.

Kichuguu
Binti wa Ukweni, umeangalia kalenda ya 2026? Tarehe 25 ni Ijumaa tena.

Binti wa Ukweni
Mungu wangu. Na babu bado yupo, ameshaanza kuulizia mbuzi.