Majibu ya DNA hayana neno “Mswahili”: tuyasomeje?

Mwana wa Kuze aliuliza:

Assalamu alaykum, na salamu pia kwa wasiokuwa Waislamu barazani hapa.

Nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa. Nyumbani kwetu kuna shajara aliyoinakili babu yangu kwa hati za Kiarabu, nayo inapanda baba kwa baba, vizazi kumi na kimoja, hadi kwa mtu anayetajwa kuwa Mshirazi, yaani mwenye asili ya Shirazi, Uajemi. Tumekua tukiisikia ikisomwa, na hakuna aliyewahi kuitilia shaka. Mwaka jana dada yangu anayeishi Uingereza alipima DNA kwa kutema mate ndani ya kichupa na kukipeleka kwa posta, nami nikapima kwa kampuni ileile alipokuja likizo. Majibu yake yalisema kwamba asilimia 68 ya asili yake ni Afrika Mashariki, 17 ni Uajemi na majirani zake, na zilizobaki zikagawanywa kati ya Uarabuni na India. Mimi nilipata 61 za Afrika Mashariki na 25 za Uajemi, na India haimo kabisa, ilhali tumezaliwa baba mmoja, mama mmoja. Neno “Mswahili” halikutokea popote katika orodha yao.

Sasa nyumba imegawanyika. Ami yangu anashikilia kwamba zile 25 ndizo uthibitisho wa shajara, na binamu yangu anashikilia kwamba zile 61 zinaonyesha jinsi tulivyokuwa tukijidai miaka yote. Je, DNA inaweza kweli kufika mbali hivyo? Kwa nini ndugu wawili watofautiane? Na kabila la mtu linasomwa wapi, ikiwa humo halisomwi?

Mwalimu wa Baiolojia, Likoni, alijibu:

Wa alaykumu salaam. Nitaanza na la ndugu wawili, kwa kuwa ndilo linalofungua mengine. Kila mzazi ni kama mtu aliyeshika karata: anazichanga, kisha anampa kila mtoto nusu tu. Dada yako alipewa nusu na wewe ukapewa nusu, lakini si nusu ileile, na kwa wastani ndugu wa baba na mama mmoja hulingana kwa nusu ya walichorithi. Ikiwa nyanya mmoja wa zamani alitoka Gujarat, huenda kipande chake kilichosalia kilimwangukia dada yako na kikakupita wewe. Hilo halikutoi katika ujukuu wake.

Idadi ya wazee wetu huongezeka maradufu kila tukipanda kizazi: wazazi 2, kisha 4, kisha 8, na katika kizazi cha kumi ni 1,024. DNA nayo haikatiki vipande vidogo vidogo bila kikomo ili kila mmoja wao apate fungu lake. Hurithiwa kwa mapande, na kufikia hapo wengi katika hao 1,024 hawana hata pande moja mwilini mwako, ingawa bila wao usingezaliwa. Ukipanda vizazi 33, ambavyo vitakufikisha karibu na mwaka 1000, hesabu inapita bilioni 8, yaani kuliko watu wote walio hai duniani leo. Jambo hilo haliwezekani isipokuwa wazee walewale wawe wanajirudia mara nyingi, na sisi wa pwani, tunaopenda kuozana watoto wa ami, hatuhitaji kuelezwa namna linavyotokea.

Asilimia zenyewe hazikupimwa kwa mifupa ya wazee wako. Kampuni ina akiba ya sampuli za watu walio hai wanaojieleza kuwa wa nchi au jamii fulani, na kompyuta inatafuta kila pande lako linafanana zaidi na la nani katika akiba ile. “Uajemi 25” maana yake ni kwamba robo ya mapande yako inawakaribia watu wa eneo lile la leo kuliko wengine waliomo. Waafrika ni wachache katika akiba nyingi za aina hiyo. Akiba ikiongezwa, majibu hubadilika, nawe hujabadilika hata unywele. Wala usitarajie kukuta jeni ya kabila: mwaka 1972 mwanajenetiki Richard Lewontin alikadiria kwamba kiasi cha asilimia 85 ya tofauti za kijenetiki za wanadamu zimo ndani ya kila jamii, si kati ya jamii na jamii.

Ziko njia mbili zinazopanda mbali bila kuchangwa. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, na DNA ya mitokondria mama huwapa watoto wake wote. Dada yako hana Y, kwa hiyo mstari wa shajara yenu hausomeki kwake. Kwako unasomeka, lakini ni mzee mmoja tu kati ya wale 1,024.

Na hapa kuna jambo ambalo ami na binamu yako wangefaa kulisikia wakiwa wamekaa pamoja. Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa kundi la wataalamu, akiwemo Chapurukha Kusimba na David Reich, juu ya DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani ya kati ya miaka ya 1250 na 1800: Mtwapa, Manda, Faza, Songo Mnara, Kilwa. Wengi wa watu hao walikuwa na zaidi ya nusu ya DNA yao kutoka Afrika, hasa kwa upande wa kina mama. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Asia, na katika hiyo ya Asia asilimia 80 hadi 90 ilitokana na wanaume wa Uajemi. Uchanganyiko ulianza karibu na mwaka 1000, na baada ya 1500 asili ya Uarabuni ikazidi. Kwa maneno mengine, ami yako anasoma baba na binamu yako anasoma mama. Tahadhari ni kwamba mengi ya makaburi yale ni ya watu wenye uwezo, na tangu wakati huo watu wameendelea kuchanganyika. Asidhani mtu kwamba ametajwa humo kwa sababu tu kwao ni Mtwapa.

Msoma Tarekhe, Kibokoni, alijibu:

Mwalimu amenifurahisha. Niongeze juu ya kabila, kwa sababu hapa Mombasa neno hilo halijawahi kukaa mahali pamoja.

Wazee wetu walijihesabu kwa taifa. Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, ni Tisa na Tatu: Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa, na Tatu, yaani Thelatha Taifa, ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Yatazame majina hayo: mengi ni majina ya miji. Mtu alikuwa Mmtwapa kwa kuwa wazee wake walihama Mtwapa na kuja kisiwani na wenzao, na mgeni aliyeoa kwao, akakaa mtaani kwao, akasimama nao katika harusi, maziko na ugomvi, wajukuu wake walihesabiwa humo. Kila upande ulikuwa na marafiki zake kati ya Wamijikenda, na urafiki huo haukuwa wa biashara peke yake. Hakuna aliyetemeshwa mate.

Ukoloni ulipoleta sheria za kuwagawa watu kuwa “wenyeji” na “wasio wenyeji”, kodi na haki zikafungwa kwenye jina. Katika miaka ya 1920 walioandikwa Waarabu walipata kura ya kumchagua mjumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, na Thenashara Taifa wakaachwa nje ya kura hiyo. Majirani waliooleana, waliosali safu moja, wakawa watu wa aina mbili katika daftari za serikali. Mimi naamini kwamba ukali wa mabishano ya Ushirazi na Uarabu tunaousikia mpaka leo umetoka zaidi katika daftari zile kuliko katika damu ya mtu yeyote.

Hata sasa mambo ni yaleyale. Wamakonde walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya mwaka 2017, Wakenya wenye asili ya Kihindi wakawa la 44 mwaka huohuo, na Wapemba wa pwani yetu wakatambuliwa 2023. Jeni zao siku iliyofuata zilikuwa zilezile za jana. Walichopata ni njia ya kitambulisho.

Mjukuu wa Kengeleni alijibu:

Naomba nipingane kidogo, kwa sababu naona nyote mnazungumza kama watu wenye shajara. Sisi wa Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari wa CMS (Church Missionary Society, ya Waanglikana) mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, hatukuachiwa karatasi. Mzee wa kwanza tunayemjua aliteremshwa kutoka jahazi lililokamatwa akiwa mtoto, akapewa jina la ubatizo, na la wazazi wake likapotea hapo. Methali inasema mwacha asili ni mtumwa, lakini sisi hatukuiacha, tulinyang’anywa.

Nilipopima, asilimia hazikunifaa kitu. Kilichonifaa ni orodha ya jamaa, ambayo inaonyesha watu waliopima wenye mapande marefu yanayolingana na yako. Humo nilikuta mtu wa Malawi ambaye kwa kipimo ni kama binamu wa mbali, na katika kuandikiana tumefika kwenye kijiji ambacho kwao bado wanasimulia watoto waliochukuliwa. Siwezi kuapa kwamba ndiye. Lakini kwetu sisi hiyo ni zaidi ya chochote tulichokuwa nacho tangu mzee aliposhuka.

Wakili, Tononoka, alijibu:

Nina mawili ya haraka. Kwanza, wazee walisema kitanda hakizai haramu: katika sheria ya Kiislamu nasaba husimama juu ya ndoa, si juu ya maabara, kwa hiyo Y ya ndugu yetu hata ikija na jambo lisilotarajiwa haitafuta jina katika shajara. Familia ikubaliane juu ya hilo kabla ya kupima, si baada ya kufungua majibu. Pili, nusu ya kilicho ndani ya kichupa chako ni cha dada yako pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za kijenetiki kuwa data nyeti, lakini kichupa kikishavuka bahari, kuisimamisha sheria hiyo si kazi nyepesi. Mwaka 2023 taarifa za wateja wapatao milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni ya Marekani ya kupima DNA, zilidukuliwa.

Mwana wa Kuze aliandika:

Nawashukuru nyote, na Mjukuu wa Kengeleni nakuomba radhi, maana sikuwahi kufikiri kwamba kuwa na karatasi ya kubishania ni neema.

Niliposoma maneno ya Mwalimu niliishusha shajara nikaihesabu. Ina majina kumi na moja ya wanaume, na hakuna hata jina moja la mwanamke. Zile asilimia 61 nilizokuwa nikizionea ajabu ni za watu ambao babu hakuwaandika, wala aliyeandika kabla yake hakuwaandika. Usiku ule nikaenda kwa shangazi na daftari. Mama yake babu alimtaja papo hapo, na nyanya ya babu alimkumbuka baada ya kunywa kahawa ya pili, kwamba alikuwa Mribe, mmoja wa Wamijikenda, na alisilimu alipoolewa. Wa juu yake hakumpata. Alisema yuko mwanamke mzima Jomvu anayelijua jina hilo, kwa kuwa ni somo yake, na Jumamosi tunakwenda kumwuliza.