Naomba ushauri: mwezeshaji wa mazungumzo ya kaunti kuhusu huduma za pamoja

Wenzangu, salaam. Niko kwenye kamati ndogo ya maafisa wa kaunti hapa Pwani ya Kenya. Tunataka kukubaliana na kaunti jirani kuhusu jaa moja la taka na magari ya zimamoto yatakayohudumia pande zote mbili. Sheria si kikwazo: Katiba ya 2010, kifungu cha 189, inaruhusu kamati na mamlaka za pamoja. Tatizo ni kuaminiana. Kila tukikutana, mazungumzo yanahamia kwenye maji, maana Mombasa inategemea vyanzo vya maji vya Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, vyote nje ya mipaka yake, na wenyeji wa huko wanauliza wao wanafaidika na nini. Wana haki kuuliza, lakini taka zinazidi kurundikana.

Sasa tunafikiria kuajiri mwezeshaji wa kitaalamu. Mliowahi kufanya hivyo, nani alimlipa? Nahofia akilipwa na kaunti moja, nyingine itamwona wakili wa mwenzake. Na je, aanze na magavana, ama na sisi maafisa tukubaliane kwanza hesabu za gharama? Mimi naelekea hilo la pili, ila wawakilishi wadi wasiposhirikishwa mapema, bajeti haipiti. Nisaidieni tafadhali.