Siku moja tu mji wa mlimani: watu wa Malindi na Amu, tupeane uzoefu

Boti ya Kioo (Malindi)

Asalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Mpwa wangu aoa Arusha Jumapili ya mwisho wa mwezi. Nimepiga hesabu: Ijumaa usiku nifike Moshi nilale, Jumamosi kutwa niwe huru, magharibi nipande gari la Arusha. Siku moja basi. Nimeishi miaka arubaini na kitu natazama bahari, mlima wa theluji, Kilimanjaro, sijapata kuuona. Mara ya mwisho nilipita Moshi usiku ndani ya basi. Jirani yangu akaniambia "mlima uko hapo kulia", nikageuka, nikaona uso wangu kwenye kioo cha dirisha.

Kazi yangu wengi mwaijua. Asubuhi napeleka wageni hifadhi ya bahari kwa boti ya kioo, mchana nawatembeza Gede, jioni nawapeleka Marafa wakaone jua likizama kwenye yale makorongo ya Nyari. Siku moja ya mgeni naijua inavyopangwa, ila mie ndiye mpangaji, kupangiwa sijazoea. Aliyewahi kwenda Moshi, au mji wowote ulio chini ya mlima, akawa na siku moja tu, aeleze alifanya nini, nini kilimla muda na nini angekiacha. Habari za kupanda mlima wenyewe niachieni. Siku hizo sina, na pumzi hiyo pia sina.

Mama Watatu (Malindi)

Haya kaka, sikiliza ya kwetu. Tulikuwa mie, mume wangu na watoto watatu, likizo ya Desemba. Tulilala Moshi, asubuhi watoto wakagoma kuamka, tukatoka saa nne. Kosa la kwanza hilo. Saa nne mlima ushajifunika shuka, huoni hata ukucha.

Tukaamua kwenda Chemka, kwenye chemchemi ya kuogelea. Wapanda gari la njia ya Arusha washuka Boma Ng'ombe, halafu pale tukachukua bajaji. Ukishaiacha lami ni vumbi na vumbi. Buibui langu jeusi likawa la kahawia. Nikaanza kumuuliza baba watoto, hayo maji yako wapi kwenye nchi kavu namna hii? Mara waona miti mikubwa imesongamana peke yake kama kisiwa, na chini yake maji ya buluu ambayo kokoto za chini waweza kuzihesabu. Kuna kamba imefungwa kwenye tawi, vijana wajirusha nayo. Na kuna visamaki vidogo vinavyodonoa nyayo. Kitinda mimba wangu alipiga ukelele mpaka watu wakadhani ameumwa na nyoka.

Wengi wapaita maji moto, mkadhani mtachemka. Hamna moto pale. Ni kama chai iliyosahauliwa mezani. Lakini kwa mtu wa pwani kuna raha moja kubwa: kupiga mbizi ukafungua macho na yasiwashe. Wanangu walikuwa hawajajua kuwa maji yaweza kukosa chumvi na bado ukaogelea.

Wanawake wenzangu, nendeni na kanga mbili na mtu wa kuwashikia, maana pa kubadilishia nguo siku ile sikupaona pa maana. Na msiende wikendi kama mwapenda utulivu, muziki ulikuwa juu kama wa harusi.

Kuliwa muda? Chemka peke yake ilitula siku nzima. Mlima hatukuuona. Nasema kweli ya Mungu: tulikwenda Moshi, tukalala Moshi, tukarudi Malindi, mlima hatujauona.

Utingo Mstaafu (Malindi)

Mama Watatu umenivunja mbavu. Nimefanya njia ile miaka mingi, abiria wa hivyo nimewaona si mmoja.

Boti, ukitoka Mombasa na kukata kona ya Voi kuelekea Taveta, kaa upande wa kulia. Kulia, tena dirishani, mpaka Moshi. Walio kushoto watakuwa wakitazama shingo yako. Mpakani Holili uwe na pasipoti au hati ya muda, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iweke karibu, usiizike chini ya begi. Pesa badilisha dukani, usibadilishe kwa anayekukimbilia. Zile sifuri za Tanzania hudanganya macho, watu hujiona matajiri hapo hapo wakasahau kuhesabu. Na ukirudi, kumbuka Jumatano na Jumamosi ni soko Taveta, utakaa na gunia la vitunguu mapajani.

Jambo jingine: sweta usibebe mbili. Watu wa pwani wakisikia mlima hufungasha kama waenda Ulaya. Moshi mjini hapafiki hata mita 1,000 juu ya bahari, mchana utatokwa na jasho kama uko hapa sokoni. Baridi iko juu vijijini, Marangu na Materuni.

Mwana wa Amu (Lamu)

Kila mtu Moshi, Moshi. Mimi nina ya Nanyuki.

Nilipelekwa huko na kazi, wakatupa siku moja ya mapumziko. Kutoka Amu ni boti hadi Mokowe, basi, basi tena, mpaka nyonga zikaota kutu. Nikafika na kikoi na fulana. Kule ni karibu mita 2,000, ndugu zangu. Usiku wa kwanza nililala na viatu.

Mlima Kenya niliuona saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa mato yangu haya. Hauna kichwa cha mviringo kama ule wa kwenye noti na kalenda, una meno. Jino refu ndilo Batian, mita 5,199. Saa tatu ukawa umetoweka.

Basi nikaenda kwenye kibao cha ikweta. Jamaa ana bakuli lenye tundu chini, ndani maji na kijiti cha kiberiti chaelea. Anatembea hatua ishirini upande wa kaskazini, kijiti chazunguka huku. Anavuka kusini, chazunguka kule. Kwenye mstari wenyewe maji yashuka, kijiti kimetulia tuli. Nikapiga makofi kama mtoto, nikalipia na cheti cha kuvuka ikweta. Jioni nikamhadithia mwenzetu mmoja mwalimu wa fizikia, akacheka mpaka akakohoa. Akasema mzunguko wa dunia hugeuza dhoruba za bahari kuu, bakuli ni dogo mno, na hatua ishirini si kitu. Kinachozungusha maji ni mkono unavyoyamimina na mwili unavyogeuka.

Cheti kipo ukutani hapa Amu. Mamangu huwaonyesha wageni.

Boti ya Kioo (Malindi)

Mwana wa Amu, usikitoe. Mie pia nina kasa mmoja ninayemwonyesha kila mgeni, nikamwapia kuwa ni bahati yake leo.

Fundi wa Ngomeni

Lushoto pia msiisahau, kwa mtu aliyefika Tanga. Mombo hadi juu ni kona tupu, mie nilitapika mara mbili, tena mbele ya wakwe. Lakini ukisimama Irente ukatazama chini, ile nyika yote imelala kama mkeka na magari ya barabara kuu ni sisimizi. Siku moja yatosha kabisa. Sina zaidi.

Mzee wa Rabai

Wanangu, mwazungumza kama safari hii imeanza na mabasi. Njia ya pwani kwenda Uchagani ni ya kale kuliko lami. Yule mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, alitoka hapa kwetu Rabai mwezi wa Aprili 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyekuwa akiijua njia ya misafara. Tarehe 11 Mei akaona weupe juu ya mlima. Akawauliza aliofuatana nao ni kitu gani kile, wakamwambia ni "baridi". Jina jingine hawakuwa nalo. Alipoandika kwao Ulaya, wajuzi wa ramani wakambishia, ati theluji karibu na ikweta haiwezekani, na wao walikuwa wamekaa vitini mwao. Alitembea wiki mbili kufika hapo. Wewe Boti utakuja kulalamikia kiti cha basi.

Tena mtu wa Malindi mlima anao mlangoni. Maji yanayoteremka Kilimanjaro upande wa huku kwetu huingia mto Tsavo. Tsavo akutana na Athi wawa Galana, na Galana ndiye huyo Sabaki wenu mwenye maji mekundu, anayeingia baharini kabla ya Mambrui. Yale ya upande wa Moshi hayatujii, huenda Pangani.

Kijana wa Shela

Babu shikamoo. Kwa hivyo nikioga Sabaki nimeshafika mlimani?

Mzee wa Rabai

Marahaba. Utafika tumboni mwa mamba kwanza.

Boti ya Kioo (Malindi)

MREJESHO. Harusi imekwisha salama, sauti yangu ndiyo haijarudi. Nieleze Jumamosi yangu.

Ijumaa usiku niliomba chumba cha ghorofa ya juu. Adhana ya alfajiri ikaniamsha (walioniuliza faraghani habari za misikiti, ipo, na chakula cha halali hakikunisumbua). Nikaswali, nikapanda darini, pale wanapoanika mashuka ya wageni. Kiza. Nikatazama kaskazini pale paa za nyumba zinapoishia, hamna kitu. Juu kabisa naona kipande cha wingu jeupe. Nikasema, yale yale ya Mama Watatu, mawingu tena. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikingoja wingu liondoke.

Wingu haliondoki. Kukapambazuka kidogo, chini ya lile wingu kukajitokeza bega jeusi, pana, na kulia kwake gego limechongoka: Mawenzi. Ndipo nikafahamu kwamba nilichokuwa nakingojea kiondoke ndicho nilichokifuata. Nilikuwa natazama chini mno. Mtu wa bahari amezoea kutafuta vitu kwenye upeo wa macho. Kibo, kile kilele cheupe chenyewe, chatafutwa pale unapotafuta ndege. Jua lilipokigusa, weupe ukawa na rangi ya ndani ya kombe. Nikamwita mfanyakazi aliyepanda na beseni la nguo nimwonyeshe. Akasema "ndiyo" akaendelea kuanika.

Kufika saa mbili hakuna kitu, kumefungwa. Mama Watatu, samahani, lakini watoto wako wamewakosesha.

Nikashuka mjini. Hatua kumi hazijaisha kijana kanishika bega. "Kaka karibu, Materuni, Chemka, Marangu, kahawa, bei ya ndugu." Nilisimama nikamsikiliza kwa raha zangu. Bei ya ndugu! Hiyo si yangu? Mie siku zote huwaambia Wataliano "prezzo amico". Akasema Materuni, wamebaki watu wawili tu gari lijae. Mimi husema hivyo nikiwa sina hata abiria mmoja. Nikajua kabisa. Nikalipa.

Tuliondoka baada ya saa moja na nusu. Hapo ndipo muda ulipoliwa, na hicho ndicho ningekiacha: ama mwende wengi mkodi gari lenu, ama uafikiane jioni ya kabla. Nilikuwa na hamu ya kutembea mjini, kuona mnara wa saa na ile stesheni ya reli ya Wajerumani iliyofika hapo kutoka Tanga mwaka 1911. Stesheni niliiona kutoka mgongoni mwa bodaboda, labda sekunde nne.

Materuni lakini sijutii. Mwapita katikati ya migomba na mibuni, mifereji ya maji yakimbia kando ya njia, na baridi yaanza kukupapasa masikioni. Nilivaa ndara. Msivae ndara. Kwenye mteremko wa kwenda maporomokoni nilikaa chini mara tatu bila kutaka, na bibi mmoja mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani akanipita akisema "pole mwanangu" bila hata kupunguza mwendo. Maporomoko yenyewe yapiga upepo wa maji usoni kama kaskazi ya Januari, ila ya barafu. Vijana wakaingia kuoga. Nikawashikia nguo.

Kisha kahawa. Wazee wetu hapa Malindi na Amu wanywa kahawa tungu asubuhi na jioni, kikombe kisicho na mkono, tangawizi ndani, kashata pembeni. Na mie nimeinywa tangu udogo. Sikuwa najua kwamba ni tunda jekundu, na ukilitafuna bichi lina utamu utelezao. Walitutwangisha kwenye kinu kwa kuimba, tukapepeta, tukakaanga kwenye chungu mpaka moshi ukatutoa machozi, tukatwanga tena. Nilipouliza tangawizi wakatazamana.

Tukarudi mjini saa kumi na nusu. Nikala mtori bakuli mbili. Ni ndizi na nyama vimepondwa vikawa uji mzito, na aliyesema ni chakula cha wanawake waliojifungua tu asinirudie. Yule kijana wa asubuhi akanifuata mpaka kwenye gari la Arusha, akaniomba nimrekodie maneno mazuri ya kuwasikilizisha wateja wengine. Nikamrekodia. Nikamwambia pia, kama mtu kwa mtu wa kazi moja: ukisema wawili wamebaki, hakikisha angalau garini mna mmoja. Akacheka, akaniuliza, "Kumbe kaka nawe wafanya kazi hii?"

Mama Watatu (Malindi)

Hongera kaka. Sasa picha ya mlima iko wapi? Hapa naona migomba, ndara na bakuli.

Boti ya Kioo (Malindi)

Ipo dada. Nimeshamtumia mke wangu, amenijibu "wingu zuri".