Wenger alipaswa kuondoka mwaka gani hasa: 2014, 2017 au 2018?

NambaSita

Wakuu, mjadala wa Arsène Wenger, kocha wa zamani wa Arsenal, hauishi, ila mara nyingi tunabishana hewani. Mmoja anataja makombe, mwingine anachomoa kipigo cha 8-2 cha Manchester United, Old Trafford 2011, kisha kila mtu anaondoka na msimamo aliokuja nao. Hebu tuubane. Ungekuwa kwenye bodi ya Arsenal, ungemwambia basi lini, na ungeamua kwa kuangalia kitu gani?

Nachagua nyakati tatu, kwa sababu kila mmoja ulikuwa na mkataba wa kusaini au wa kuvunja.

Mei 2014. Mkataba unaisha. Msimu ule alifungwa 6-3 na Manchester City, 5-1 na Liverpool na 6-0 na Chelsea, na hiyo ya Chelsea ndiyo ilikuwa mechi yake ya 1,000. Tarehe 17 Mei akatwaa Kombe la FA: Hull walitangulia 2-0, ikaisha 3-2 katika muda wa nyongeza, na ukame wa miaka tisa ukakatika. Kabla mwezi haujaisha akasaini miaka mitatu.

Mei 2017. Nafasi ya 5, pointi 75, moja nyuma ya Liverpool. Bayern wamempiga 5-1 nje, 5-1 ndani. Kisha fainali ya FA anamfunga Chelsea 2-1. Akasaini miaka miwili.

Aprili 2018. Anatangaza kuondoka, mkataba ukiwa na mwaka mzima mbele.

Siulizi kama alikuwa kocha mzuri. Ligi tatu, Kombe la FA mara saba na msimu mzima wa 2003-04 bila kufungwa kwenye ligi vinatosha. Nauliza muda tu.

MzeeWaTakwimu

2017. Wala si kwa sababu ya Bayern.

Kwanza tuache kupima kwa nafasi ya kwenye msimamo. 2015-16 Arsenal walimaliza wa pili kwa pointi 71. Mwaka uliofuata wakamaliza wa tano kwa pointi 75. Pointi zimepanda nne, nafasi zimeshuka tatu. Ukitaka kumtetea unachukua pointi, ukitaka kumng'oa unachukua nafasi, na hakuna kati yenu anayesema uongo. Ndiyo maana bodi ikitegemea msimamo peke yake itaona inachotaka kuona.

Kitu cha kuangalia ni tofauti ya nyumbani na ugenini. Chukua 2017-18. Nyumbani: ushindi 15, sare 2, vipigo 2, pointi 47. Ugenini: ushindi 4, sare 4, vipigo 11, pointi 16. Kuanzia Januari 2018 walipoteza mechi saba za ligi ugenini mfululizo: Bournemouth, Swansea, Tottenham, Brighton, Newcastle, Manchester United, Leicester. Pointi za kwanza za ugenini mwaka ule zilikuja siku ya mwisho kabisa, Huddersfield, 1-0, naye tayari anaaga.

Sasa angalia hizo saba kwa undani. Kwa Bournemouth, Swansea na Newcastle, Arsenal ndiyo iliyotangulia kufunga. Bournemouth wakarudisha na kuongeza ndani ya dakika tano hivi. Swansea wakasawazisha dakika moja tu baada ya bao la Monreal. Kwa hiyo tatizo halikuwa kutengeneza nafasi. Mabeki wote wawili wa pembeni wanapanda kwa pamoja, viungo wa kati ni watu wa kugawa mpira na si wa kukaba, mpira ukipotea katikati ya uwanja mabeki wawili wa kati wanabaki uso kwa uso na watu watatu wanaokuja kwa kasi. Nyumbani kosa hilo linafichika kwa sababu mgeni anakaa nyuma na hana watu wa kukimbia. Ugenini mwenyeji anapanda, na kosa linaonekana kila wiki.

Kosa la aina hiyo likijirudia, timu haifanyiwi mazoezi ya kujipanga pale inapopoteza mpira, na hiyo ni kazi ya kocha. Mchezaji mpya wa pauni milioni 50 halitibu. Na dalili zilikuwepo kabla ya 2017-18: zile 6-3, 5-1 na 6-0 za 2013-14 zote zilikuwa ugenini.

KonaFupi

Mzee takwimu zako safi, ila kwa ushahidi wako mwenyewe jibu ni 2014, maana kosa la ugenini umelianzia huko!

Mimi naongeza kipimo kingine: mikataba ya wachezaji. Klabu inayojitambua, mchezaji muhimu akibakiza miaka miwili anawekewa karatasi. Akikataa, dirisha linalofuata anauzwa. Ukimwacha aingie mwaka wa mwisho, bei inaanguka na nguvu yote ya mazungumzo inahamia kwa wakala wake. Arsenal walilijua hilo kwa maumivu. Flamini alikwenda Milan bure 2008. Van Persie 2012 alibakiza mwaka mmoja, akauzwa kwa Manchester United (kwa mpinzani!), akawafungia mabao 26 ya ligi na kuwapa ubingwa.

Halafu 2017 wakarudia, na safari hii kwa wawili kwa mpigo: Sánchez na Özil. City walimtaka Sánchez Agosti 2017, dili likafa kwa sababu Arsenal hawakumpata Lemar wa Monaco wa kuziba pengo. Januari akabadilishwa na Mkhitaryan, hakuna fedha iliyoingia. Özil naye akapewa mshahara mkubwa kuliko wote klabuni, kwa kuwa mwezi ule Arsenal isingeweza kuwapoteza wote wawili. Mshahara huo ukaja kuwabana makocha waliofuata. Ramsey aliondoka bure 2019 kwenda Juventus, Wenger akiwa hayupo, lakini mkataba wake ulikuwa umeachwa ufike huko tangu enzi zake.

Usajili nao. Kiangazi cha 2015 timu ilihitaji kiungo mkabaji, kila mtu alikuwa anajua. Akaletwa kipa Petr Čech tu, mchezaji wa ndani ya uwanja hata mmoja hakuna. Novemba Coquelin akaumia kwa West Brom, siku nane baadaye Cazorla akaumia kwa Norwich. Waliokuwa wanaukaba mpira na kuutoa nyuma wameondoka ndani ya wiki mbili. Ubingwa ukaenda Leicester kwa pointi 81, timu iliyofungwa mara tatu tu msimu mzima, na mara mbili kati ya hizo na Arsenal hao hao.

Dakika90

KonaFupi umeeleza vizuri sana, ila mwisho umekosea mtu wa kumshtaki. Kuandaa karatasi za mikataba ni kazi ya mkurugenzi wa michezo. Arsenal hawakuwa naye. David Dein, aliyekuwa anafunga dili na kumwambia Wenger "hapana", aliondoka Aprili 2007. Tangu hapo kocha alikuwa kocha, mwamuzi wa usajili na mpanga mishahara kwa wakati mmoja. Ukimtoa mtu wa namna hiyo 2014, hauondoi kocha, unaondoa idara tatu kwa siku moja.

Tunajua kinachotokea ukifanya hivyo, kwa sababu United walifanya mwaka mmoja kabla. Mei 2013 Ferguson alistaafu baada ya miaka 26, na mtendaji mkuu David Gill akaondoka kiangazi kile kile. Moyes akapewa mkataba wa miaka sita, akadumu miezi kumi. Mabingwa wa pointi 89 wakamaliza wa saba na pointi 64, na kikosi kile kile kwa sehemu kubwa. Mnasema Moyes alikuwa mdogo kwa kiti. Labda. Lakini kiangazi kile dirisha zima liliisha na Fellaini siku ya mwisho, kwa sababu waliojua kumpigia nani simu hawakuwepo tena.

Linganisha na Liverpool. Klopp alitangaza tarehe 26 Januari 2024, miezi minne kabla ya msimu kuisha. Kwanza wakamrudisha Michael Edwards, kisha wakamchukua Richard Hughes kuwa mkurugenzi wa michezo, halafu ndipo akaja Arne Slot. Kiangazi chake cha kwanza aliongezewa Chiesa tu kwenye kikosi cha kucheza, akatwaa ligi 2024-25 kwa pointi 84. Utaratibu wao ni huo: watu wa juu kwanza, tarehe ya kuondoka, kisha kocha. United walianza na kocha, na mtendaji mpya akajifunza kazi dirisha likiwa wazi.

Arsenal walimleta Sven Mislintat, mkuu wa usajili, mwishoni mwa 2017 na Raúl Sanllehi, mkuu wa mahusiano ya soka, mwanzoni mwa 2018. Kwa hiyo 2018 ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa klabu kuwa na watu wa kumpokea kocha mpya. Kosa la bodi ni kutowaleta 2014.

NambaSita

Dakika90, hapo kuna shimo. Emery, kocha aliyemrithi Wenger, alikuja Mei 2018 akiwakuta hao hao watu wa juu. Akamaliza wa tano kwa pointi 70, akafungwa 4-1 na Chelsea fainali ya Ligi ya Europa kule Baku, na Novemba 2019 akafukuzwa. Msimu ule ukaisha nafasi ya 8. Utaratibu wako ulimsaidia nini?

Dakika90

Haki yako, nilipaswa kulisema. Waliletwa lakini hawakukaa. Gazidis, mtendaji mkuu, alihamia Milan vuli ile ile ya 2018. Mislintat akaondoka Februari 2019. Ndani ya miezi tisa Emery alibaki na nusu ya waliomwajiri. Timu ilianza kusimama tena pale kocha Arteta na mkurugenzi Edu walipokaa pamoja madirisha kadhaa: wa 8, wa 5, wa 2.

MzeeWaTakwimu

Niongeze kuhusu 2017, maana watu wanalichukulia lile Kombe la FA kama ushahidi kwamba bodi haikuwa na la kufanya.

Kombe la FA kwa timu ya Ligi Kuu lilikuwa mechi sita, kama hakuna marudiano. Mwaka ule zilikuwa Preston, Southampton, Sutton, Lincoln, City na Chelsea. Sutton na Lincoln wote walikuwa daraja la tano. Kwa hiyo zilizosema kitu kuhusu uwezo wa timu ni mbili au tatu. Na zile za City na Chelsea zilichezwa kwa mabeki watatu, mfumo alioanza nao Middlesbrough tarehe 17 Aprili baada ya miaka mingi ya mabeki wanne. Fainali yenyewe Mertesacker ndiyo kwanza alikuwa anaanza mechi msimu ule, akacheza kama mfalme. Hongera kwake, lakini mkataba wa miaka miwili ulisainiwa juu ya jaribio la wiki sita, na mapema 2018 timu ikarudi kwenye mabeki wanne na ugenini mnajua kilichotokea.

Bodi ilitakiwa kuamua Februari au Machi, kabla kombe halijaingia kwenye hesabu. Machi ile ile ndege mbili zilipita juu ya uwanja wa West Brom, moja na bango la kumtaka aende, nyingine na bango la kumtetea, na Arsenal chini wanafungwa 3-1. Wenye klabu wakanyamaza hadi siku nne baada ya fainali.

KonaFupi

Ya ndege nilikuwa nimeisahau.

Kuhusu watu wa juu nimekuelewa Dakika90, lakini sishuki 2014. Özil alisajiliwa Septemba 2013 kwa miaka mitano. Sánchez alisajiliwa Julai 2014 kwa miaka minne. Mikataba yote miwili iliandikwa kuisha Juni 2018, na huhitaji mkurugenzi wa michezo kusoma tarehe.