Muvi ya Jumamosi, Geti la Bluu

*Kikundi: Majirani Geti la Bluu, Section 58, Nakuru*

*Jumapili asubuhi*

Mama Kevo: Mmeamkaje majirani. Shiko mwanangu, nakuuliza kwa upendo: jana ulituonyesha muvi gani pale ukutani kwangu? Nilifunga kibanda mapema, nikaja na maandazi, halafu saa nzima na zaidi natazama kijana ameketi garini anaongea. Anaingia mtu, wanaongea. Huyo anatoka, anaingia mwingine, wanaongea.

Shiko: Asubuhi njema mama. Inaitwa Cosmopolis, ya 2012. Mwelekezi ni David Cronenberg, mzee wa Kanada, yule wa muvi ya The Fly. Yeye hupendwa sana na watu wachache, na wengine hawamtaki kabisa.

Mama Kevo: Basi mimi niandike kwa hao wengine.

Baba Chebet: Mimi niliipenda.

Mama Kevo: Baba Chebet, wewe ulikuwa umelala! Nilikuona.

Baba Chebet: Sikulala, mama. Nilifumba macho nisikilize. Nitaeleza nikifika steji, sasa hivi naosha gari.

Dada wa Namba 6: Kabla hamjaendelea. Watoto walikuwa wameketi pale mbele kwenye mkeka, na zile sehemu za kitandani zikatokea bila mtu kutuambia. Tena daktari anampima yule kijana ndani ya gari, mambo ya tezi dume, na mwanamke wa kazini ameketi hapo hapo wanaongea biashara. Niliwafunika macho kwa leso. Sikufurahi.

Shiko: Dada, hapo nilikosa na naomba radhi. Nilikuwa nimeshaitazama, nilijua. Kuanzia sasa nitaandika hapa siku moja mbele kama ni ya watu wazima peke yao.

Dada wa Namba 6: Sawa, nimekusamehe. Lakini usisahau.

Mwalimu: Mimi nimefundisha fasihi miaka 31, na nitasema nilivyoona. Mazungumzo katika tamthilia yana kazi. Mhusika anataka kitu, mwenzake anamzuia, maneno yanakuwa kama kamba wanayovutana. Hawa wa jana walikuwa wanatupiana mafumbo, na kila fumbo linaanguka chini halijaokotwa. Nimesoma kwamba Cronenberg aliandika mswada kwa siku 6, na maneno aliyatoa karibu yote kwenye riwaya ya Don DeLillo ya 2003. Kwenye kitabu unaweza kusimama, ukarudi nyuma, ukasoma tena. Kwenye ukuta wa Mama Kevo hauwezi.

Shiko: Lakini Mwalimu, si ndiyo maana yanatisha? Yule kijana wa garini, Eric Packer, ana miaka 28, ana mabilioni, anazungukwa na watu siku nzima, na hakuna hata mmoja anayemjibu alichouliza.

Mwalimu: Naelewa nia yake. Nasema kama mtazamaji aliyeketi kwenye kiti cha plastiki: nilichoka.

Mama Kevo: Asante Mwalimu.

Kevo: Mnasahau anayemwigiza ni Robert Pattinson, yule wa muvi za mavampaya. Kaka zangu wa hosteli walikuja wakidhani atauma mtu.

Abdi wa Duka: Asalaam aleikum jamani. Mimi nilikuja nimechelewa, nilipofika ndiyo ile maiti ya mwanamuziki inapitishwa barabarani. Nilisimama. Yule ni K'naan! Kijana wetu wa Mogadishu, aliyeimba Wavin' Flag, ile ya Kombe la Dunia Afrika Kusini 2010. Sikujua yumo.

Shiko: Ndiye, Abdi. Anaitwa Brutha Fez kwenye hadithi.

Abdi wa Duka: Na yule tajiri anauliza kama amepigwa risasi. Anaambiwa hapana, ni moyo, alikuwa mgonjwa miaka mingi. Uso ukaanguka, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Halafu analia. Ameanza kupoteza mali yake yote hajatoa chozi, analilia mwanamuziki. Hapo nilikaa chini nikatazama hadi stima ilipopotea.

Mama Kevo: Hapo nakubali, palinigusa. Lakini hiyo mali aliipoteza vipi? Hakuna mwizi, hakuna moto, hakuna kesi. Mara anasema yuan, mara panya.

Abdi wa Duka: Hiyo nakuelezea mama, ni biashara. Alikopa yuan, pesa ya Wachina, nyingi mno, akazitia kwingine. Alikuwa na hakika yuan itashuka, alipe deni kwa bei rahisi. Ikakataa kushuka. Kila saa inapanda, na deni linapanda nayo. Wasaidizi wanamwambia toka, hataki.

Abdi wa Duka: Unakumbuka mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160? Watu walinunua dola wakaficha, wakingoja ifike 200. Ifikapo Aprili ilikuwa karibu 130. Nawajua watu wa hapa mjini waliokosa usingizi mwezi mzima. Yule kijana ni hao hao, tofauti ni ukubwa wa shimo. Wengine pia waliambiwa uza, wakasema bado kidogo.

Mama Kevo: Kumbe. Ungeketi karibu nami jana ungenisaidia sana.

Kevo: Na panya?

Shiko: Muvi inaanza na mstari wa mshairi wa Poland, Zbigniew Herbert, kwamba panya akawa ndiyo pesa. Waandamanaji wanabeba panya kuwaambia matajiri pesa zenu ni hizi. Na hili ndilo nililotaka mlione: walipiga picha katikati ya 2011, na ilikuwa Septemba mwaka huo ndipo vijana walipiga kambi karibu na Wall Street, mtaa wa mabenki New York, kuwapinga matajiri. Muvi ilikuwa imeshapigwa.

Kevo: Nilipoona wanatikisa lile gari, wanalipaka rangi, na yeye ndani anaendelea na mazungumzo kimya kimya kama hakuna kitu, nilikumbuka maandamano ya Juni 2024. Sisi tulikuwa nje. Sikuwahi kufikiria ndani kulikuwa kunasikika vipi.

Mama Kevo: Kevo, hayo tumeyaongea nyumbani.

Kevo: Najua mama. Nasema tu nilikumbuka.

Baba Chebet: Nimefika steji, abiria hawajajaa. Sasa nieleze. Mimi niko kwenye shuttle, gari la abiria la Nakuru–Nairobi, mwaka wa 14. Desemba iliyopita tulikwama Kinungi kutoka saa sita mchana hadi giza. Gari halisongi. Mara ya kwanza watu huwa kwenye simu. Chaji zikiisha wanaanza kuongea, na hawaongei kama watu wa nyumbani. Mmoja anaeleza shamba la babake, mwingine anajibu kwa habari ya mguu wake. Mama mmoja aliongea juu ya bei ya mbolea karibu saa nzima, hakuna aliyemuuliza. Tulipofika Gilgil akasema alikuwa anaenda kumzika mwanawe. Saa zile zote alikuwa anaizunguka hiyo habari.

Baba Chebet: Kwa hivyo Mwalimu anaposema yale maneno yanaanguka chini, kweli yanaanguka. Lakini mimi nimesikia watu wakiongea hivyo. Yule kijana anaongea pesa, anaongea wakati, anaongea kompyuta, na kitu chenyewe hajakigusa. Nilikuwa nangoja akiguse.

Mwalimu: Baba Chebet, hilo sikuliona. Nitalifikiria.

Mama Kevo: Pole kwa huyo mama. Lakini yeye alikuwa na mzigo wa kweli. Yule tajiri alikuwa anataka nini? Kunyolewa! Kuvuka mji mzima, Rais yuko mjini, barabara zimefungwa, watu wanataka kumwua, na yeye ni nywele.

Oti Kinyozi: Mama, hapo ngoja. Hapo ni kwangu.

Oti Kinyozi: Yule mzee kinyozi ndiye alimnyoa akiwa mtoto. Alimjua babake, aliyekufa yule tajiri akiwa bado mtoto mdogo. Mimi nina wateja walihama Nakuru zamani, wako Nairobi, wako Eldoret, na wakipita lazima washuke kwangu. Huko hawakosi vinyozi. Kwangu kuna mtu anayejua kichwa chao kilikuwa vipi. Na ukitazama, pale ndipo watu wa ile muvi wanaanza kuongea kama watu. Kinyozi na dereva wanaulizana walivyokuwa wakiendesha teksi, mmoja anauliza, mwingine anajibu.

Baba Chebet: Kabisa! Nilikaa wima hapo.

Oti Kinyozi: Halafu anainuka anaenda na nusu ya kichwa. Upande mmoja umekatwa, upande mwingine bado. Sijalala vizuri. Mteja hajawahi kutoka kwenye kiti changu hivyo.

Dada wa Namba 6: Mimi nilimpenda mke wake. Wanawake wengine wote wanaingia, wanatumiwa, wanatoka. Yeye anamnusa, anajua alikotoka, na anamwambia ndoa imekwisha bila kupiga kelele. Hata anajitolea kumsaidia pesa. Muvi ingekuwa juu ya huyo ningetazama yote.

*Jumapili jioni*

Mwalimu: Nimemalizia kwenye simu zile dakika 20 za mwisho tulizokosa stima ilipopotea, bando langu lote limeisha. Sikuweza kuacha. Ni watu wawili ndani ya nyumba chakavu, yule tajiri na mtu aliyekuwa mfanyakazi wake, anayeigizwa na Paul Giamatti. Huyo amekusudia kumwua, lakini kwanza anataka asikilizwe. Hapo kamba ipo. Ya mwanzo bado nasema ni ndefu mno. Hii ya mwisho ningewapa wanafunzi. Hata yale mambo ya daktari, Dada, yanarudi na yana maana yake.

Dada wa Namba 6: Watoto watakuwa wamelala saa ngapi?

Shiko: Naweza kuanzia pale stima ilipopotea, leo saa tatu usiku, watu wazima pekee.

Mama Kevo: Wanaongea tena?

Shiko: Wanaongea, mama. Lakini ni wawili tu.

Mama Kevo: Haya, ukuta ni huo huo. Abdi, leo uketi karibu nami. Na mtu alete chai, maandazi yalikwisha jana.

Baba Chebet: Niko Naivasha narudi. Nitajaribu.

Oti Kinyozi: Nafunga saa mbili na nusu. Msianze bila mimi, nataka kuona kama kuna mtu atamuuliza juu ya hizo nywele.