Thimu imeapdeti kazi yote imepotea, nikarudisha kodi saiti ikafa kabisa. Msaada wakuu

KijanaWaMoro

Wakuu habari za mchana. Niende moja kwa moja maana mteja ananipigia kila nusu saa.

Nina saiti ya jamaa anauza vipuri vya pikipiki hapa Morogoro, ni WordPress (mfumo wa kutengenezea saiti) na WooCommerce (nyongeza yake ya duka), thimu, yaani sura ya saiti, ni ya bure tu niliishusha humohumo ndani ya WordPress. Mwaka jana wakati naitengeneza nilifungua header.php ya ile thimu nikaweka namba ya simu na saa za kufungua duka pale juu kabisa, halafu kwenye functions.php nikaweka kodi (maelekezo ya programu, sio ya TRA jamani) ya kitufe cha WhatsApp chini ya kila bidhaa, kwa sababu wateja wake hawalipii mtandaoni, mtu anataka aulize kwanza "hii cheni inaingia kwenye Boxer?" ndio atume hela. Ikawa inapiga kazi safi, sikuwahi kuigusa tena.

Juzi usiku mteja kaona ile alama ya kuapdeti, kabonyeza. Asubuhi juu pamerudi kama palivyozaliwa, kitufe hakuna, namba hakuna. Bakapu sina, naomba msinitukane. Ile fanksheni ya kitufe nilikuwa nayo kwenye Notepad ila mstari wa mwisho, ule wa add_action unaoiambia WordPress kitufe kikae wapi, sikuwa nao, nikaukopi kwenye blogu moja, nikaingia cPanel (paneli ya hosti, kule faili za saiti zinakokaa) nikapesti vyote chini ya functions.php nikasevu. Hapo ndio nikaua kabisa, saiti inaandika kuna hitilafu kubwa, hata wp-admin (ukurasa wa kusimamia saiti) haifunguki. Nifanyeje, na hii ya kuapdeti itanirudia kila mara?

mzee_wa_plagini

Mkuu kodi za nini, plagini (nyongeza za kuchomeka kwenye WordPress) za kitufe cha WhatsApp ziko kibao, weka moja maisha yaendelee.

KijanaWaMoro

Mkuu nitaiwekaje na wp-admin haifunguki 😭

dada_seva

Pole kaka, tulia kwanza, hapo hakuna kilichokufa. Bidhaa, picha na oda ziko kwenye databesi na kwenye folda ya uploads, thimu haizigusi. Kilichogoma ni faili moja tu.

Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019 WordPress ikikumbana na kosa kama hilo huwa inamtumia admin barua pepe yenye kiungo cha kuingilia, ukipita hapo thimu yenye kasoro inasimamishwa kwa upande wako unapata nafasi ya kurekebisha. Angalia kama imefika. Nina wasiwasi anwani ya admin ni ya mteja na hajaifungua tangu aifungue, wengi ndio wako hivyo.

Kama haipo rudi cPanel, File Manager, public_html, ingia wp-content/themes kwenye folda ya thimu yako, fungua functions.php, shuka mpaka chini futa kile ulichopesti leo tu, sevu. Saiti itafunguka. USIFUTE faili zima la functions.php maana faili nyingine za thimu zinaita fanksheni zilizomo humo, utatoka kwenye kosa moja uingie kwenye jingine.

Kabla hujafuta lakini, tujue imekufa kwa nini, la sivyo kesho utapesti tena vilevile. Fungua wp-config.php, tafuta mstari wa WP_DEBUG, utaukuta umeandikwa false, ubadilishe (usiongeze wa pili) na chini yake weka hivi viwili:

```
define( 'WP_DEBUG', true );
define( 'WP_DEBUG_LOG', true );
define( 'WP_DEBUG_DISPLAY', false );
```

Fungua saiti mara moja ife tena, halafu kaangalie ndani ya wp-content kutakuwa na faili jipya linaitwa debug.log. Tuletee mstari wa mwisho.

KijanaWaMoro

Barua pepe ya admin ni ya kijana aliyekuwa na hii kazi kabla yangu, hata simjui alipo. Nimefanya hiyo ya log dada, hii hapa:

```
PHP Fatal error: Uncaught Error: Undefined constant "‘woocommerce_single_product_summary’" in .../functions.php:214
```

214 ni huohuo mstari wa add_action, na mimi naona uko sawa kabisa neno kwa neno. Nimeshaufuta saiti imefunguka, mungu akubariki.

dada_seva

Uangalie tena huo mstari, usisome maneno, angalia alama za nukuu. Zimejikunja. PHP (lugha ya hizo kodi) inazijua nukuu zilizonyooka tu ' na ", hizo zilizojikunja kwake ni herufi kama herufi nyingine, kwa hiyo haikuona maandishi hapo, imeona jina la kitu fulani kinachoanza na ‘ na kuishia na ’, imekitafuta haikukiona, ikagoma.

Na kinachochekesha ni kwamba anayezikunja mara nyingi ni WordPress mwenyewe. Mtu akiandika kodi kwenye blogu yake kama aya ya kawaida bila kuiweka kwenye sehemu ya kodi, WordPress inapamba nukuu zote zipendeze kusoma. Wewe unakopi urembo. Simu nazo nyingine zinakunja zenyewe ukiandika.

Jingine ujue, edita ya ndani ya WordPress ungeitumia leo ingekuokoa, tangu 4.9 inajaribu kwanza kodi ya PHP kabla ya kukubali, ikiona saiti inakufa inarudisha ya zamani. cPanel haina huruma hiyo, unachosevu ndicho kinachoenda.

KijanaWaMoro

Daah. Ila mbona mwaka jana kwenye saiti nyingine nilipesti kitu kutoka blogu kama hizo, haikufanya kazi lakini haikuua saiti?

dada_seva

Hiyo hosti bila shaka ilikuwa bado na PHP 7. Huko jina lisilojulikana lilikuwa linapewa onyo tu halafu PHP inalichukulia kama maandishi, kwa hiyo ulikuwa umejishikiza kwenye huki (sehemu ya kushikizia kodi) isiyokuwepo duniani, kimya, hakuna kitu kinatokea. PHP 8 ilipotoka mwisho wa 2020 huo upole ukaondolewa, siku hizi ni kosa la kuua. Ndio maana watu wengi wakihamishwa toleo na watu wa hosti wanaamka saiti imelala na wanaapa hawajagusa kitu.

Turudi kwenye swali lako la apdeti. Ndiyo, itakurudia kila mara, maana thimu ikiapdeti WordPress inafuta folda nzima ya zamani inaweka mpya. Dawa ni thimu mtoto, yaani thimu ndogo inayorithi hiyo yako ya sasa (ndiyo mama). Ndani ya wp-content/themes tengeneza folda nyingine, iite mfano vipuri-mtoto, humo weka style.css yenye hivi tu juu:

```
/*
Theme Name: Vipuri Mtoto
Template: jina-la-folda-ya-mama
*/
```

Hiyo Template ndio watu wanakosea. Sio jina zuri la thimu unaloliona kwenye wp-admin, ni jina la FOLDA kama lilivyo, herufi kubwa na ndogo zizingatiwe kwa sababu seva nyingi ni Linux. Ukikosea inakwambia thimu mama haipo.

Halafu header.php ikopi kutoka kwa mama uilete kwa mtoto, ihariri hapo, WordPress itatumia ya mtoto na ya mama itaachwa. functions.php ndio tofauti, hiyo USIIKOPI. Za wote wawili zinasomwa, ya mtoto inatangulia ya mama inafuata, sasa ukiwa umeikopi nzima fanksheni zilezile zinatangazwa mara mbili na saiti inalala tena. Ya mtoto ianze tupu na <?php juu, uweke vya kwako tu.

pwani_dev

Salaam kutoka Mombasa. Dada kaeleza vizuri sana, mimi napingana naye pahali pamoja tu, hicho kitufe kisikae kwenye thimu kabisa, si ya mama si ya mtoto.

Jiulize ndugu yangu, mwenye duka mwaka ujao akichoka na sura ya saiti akataka thimu nyingine, namba ya juu kwenye header itabadilika na sura, sawa, hiyo ni sura. Lakini kitufe cha kuagizia ndicho biashara yenyewe, kwa nini kife kwa sababu rangi zimebadilishwa? Kiweke kwenye plagini yako mwenyewe. Watu huogopa hilo neno wakadhani ni kazi ya wiki nzima, kumbe ni faili moja ndani ya wp-content/plugins:

```
<?php
/*
Plugin Name: Kitufe cha Vipuri
*/
function vipuri_kitufe_wasap() {
    global $product;
    $ujumbe = 'Habari, naulizia ' . $product->get_name() . ' ' . get_permalink();
    $kiungo = 'https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=' . rawurlencode( $ujumbe );
    echo '<a class="kitufe-wasap" href="' . esc_url( $kiungo ) . '">Agiza kwa WhatsApp</a>';
}
add_action( 'woocommerce_single_product_summary', 'vipuri_kitufe_wasap', 35 );
```

Namba ianze na 255, hapana alama ya kujumlisha wala sifuri. Hiyo 35 mwisho nayo si ya kubahatisha, WooCommerce hupanga vitu vya ukurasa wa bidhaa kwa namba, jina liko 5, bei 10, maelezo mafupi 20, kitufe cha kapu 30, kategoria na vinginevyo 40. Kwa hiyo 35 kinakaa chini ya kapu. Ukitaka kiwe juu ya kapu weka 25. Mtu akishaelewa huu mchezo wa namba hahitaji tena kukopi matemplati ya WooCommerce ndani ya thimu, yale ni mzigo, WooCommerce ikibadilisha yake wewe wabaki na ya kale ukiambiwa yamepitwa.

Onyo moja dogo, usijaribu kuvunja mstari ndani ya ujumbe. Mimi nilihangaika siku nzima nashangaa kwa nini maneno yanagandana, kumbe esc_url, ile inayosafisha kiungo, humeza %0A ambayo ndiyo alama ya kuvunja mstari.

Na plagini yako ikileta matata, badilisha jina la folda au faili lake kwenye cPanel, WordPress itaizima yenyewe. Hiyo ndiyo raha yake.

mzee_wa_plagini

Kwa hiyo nilisema plagini mkanicheka, sasa mmeishia kwenye plagini 😂

pwani_dev

Ya mistari kumi, mzee, si ile inayokuja na matangazo yake kwenye dashibodi.

dada_seva

Hapo kwa kitufe nakubaliana na pwani, hoja yake ina nguvu. Header ibaki kwa mtoto, kitufe kiende kwenye plagini.

KijanaWaMoro

Nimefanya vyote, plagini imekubali mara ya kwanza, nimebonyeza kutoka simu yangu ujumbe umefunguka na jina la plagi ya Boxer na kiungo chake. Lakini nilipowasha thimu mtoto logo imepotea, rangi zimerudi za mwanzo na menyu ya juu imehama. Nimerudi kwa mama haraka kabla mteja hajaona. Nimeharibu nini tena?

dada_seva

Hujaharibu, ningekuambia mapema. Yale unayopanga kwenye Customizer, logo, rangi, menyu ikae wapi, na ile CSS ya ziada, yanahifadhiwa kwa kila thimu peke yake, na WordPress inamhesabu mtoto kama thimu nyingine. Menyu yenyewe ipo, ni nafasi yake tu unaipanga upya. Kabla ya kuwasha tena kopi ile CSS ya ziada uiweke pembeni, na rangi ziandike kwenye karatasi zile namba zake. Unaweza kumfungua mtoto kwa Live Preview ukapanga kila kitu humo kwanza, ukimaliza ndio unabonyeza kumwasha, wateja hawataona kitu. Na kama una plagini ya keshi (nakala za kurasa zilizohifadhiwa) ifute keshi baada ya hapo, usije ukahangaika na ukurasa wa jana.

Ukimaliza rudisha WP_DEBUG iwe false na debug.log uifute, ikibaki pale mtu yeyote akiijua anwani anaweza kuisoma. Na hiyo barua pepe ya admin ibadilishe leoleo, iko kwenye Settings, General.

KijanaWaMoro

Imekaa. Sasa mteja kafurahi anasema kitufe cha kapu kitolewe kabisa ibaki WhatsApp peke yake. Nimeweka remove_action kwenye plagini, kapu bado lipo tu linaniangalia.

pwani_dev

Mambo mawili. Namba lazima ilingane na ile ya kuwekea, kapu liko 30, usipoitaja WordPress yadhani ni 10 na hapo 10 hakuna kapu. La pili plagini yako yaweza kusomwa kabla ya WooCommerce haijaliweka hilo kapu, waondoa kitu ambacho hakijafika. Ingoje:

```
add_action( 'init', function () {
    remove_action( 'woocommerce_single_product_summary', 'woocommerce_template_single_add_to_cart', 30 );
} );
```

Na nukuu uziandike kwa mkono wako!

KijanaWaMoro

Nimeziandika kwa mkono, limetoka 🙏 Kwenye ukurasa wa duka kapu bado lipo chini ya kila picha ila naona hilo ni huki nyingine, ngoja nilitafute mwenyewe nikishindwa narudi.