Karatasi za Shaaban Robert: zianikwe mtandaoni bure, au wenyewe waulizwe kwanza?

MWANZISHA MADA (Kaloleni, Arusha)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Mada hii ilianzia kwenye kahawa, juzi baada ya magharibi. Muuza kashata alimfungia mzee mmoja kashata nne kwenye ukurasa uliochanwa kitabuni. Mzee akaukunjua, akavaa miwani, akanyamaza. Ulikuwa ukurasa wa Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert. (Kashata alizila baadaye, msimhurumie sana.) Hapo kikao kikagawanyika. Mmoja akasema ndiyo maana kila alichoandika Shaaban Robert kipigwe picha kiwekwe mtandaoni, mtoto wa Ngarenaro asome kwa simu bila kulipa senti. Mwingine akamjibu: wewe ukifa kesho, barua ulizomwandikia mkeo nazo tuziweke? Tukaachana hivyo hivyo, kahawa imepoa.

Msimamo wangu ni kwamba ziwekwe, na ziwe wazi. Ila tusianze na vitabu.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Piga hesabu: miaka 50 iliisha 2012. Kwa mwandishi mwingine, marehemu Kezilahabi, aliyetutoka Januari 2020, hesabu bado mbichi, tutazeeka kabla haijaisha, na huyo asiguswe bila ruhusa. Lakini kwa Shaaban kinachotuzuia si sheria tena. Ni uzembe, na hofu ya kuonekana tunamkosea mtu heshima.

Kwa nini tusianze na vitabu? Kwa sababu vitabu havifi. Kusadikika ni cha 1951 na mpaka leo ukikitaka unakipata dukani. Kinachokufa ni karatasi zilizo pembeni ya vitabu. Kufikirika aliiandika 1946, ikachapishwa 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka 1968, mwenyewe ana miaka sita kaburini. Maana yake, riwaya tatu tunazojivunia zilikuwa rundo la karatasi ndani ya nyumba au ofisi ya mtu. Panya mmoja tu mwenye njaa kati ya 1962 na 1967, na leo tusingekuwa na Kufikirika. Wala tusingejua kwamba hatuna.

Sasa fikirieni Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza 1923, ambamo yeye na washairi wenzake walitoa tungo zao. Umewahi kulishika toleo la zamani? Ukilikunja linavunjika kama papadi. Fikirieni pia matoleo ya kwanza. Pambo la Lugha lilichapwa Johannesburg mwaka 1947, Kusadikika kikatolewa na kampuni ya Uingereza. Mtanga aliyeandika Kiswahili, alama zake zimetawanyika mabara mawili, na sisi hapa Arusha tunafungia kashata.

Wenzetu wamefanyaje? Mwandishi Gabriel García Márquez wa Kolombia alifariki 2014, karatasi zake zikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Texas kule Austin kwa dola milioni 2.2. Desemba 2017 kituo cha Harry Ransom cha chuo hicho kikafungua picha zaidi ya 27,000 mtandaoni: miswada, madaftari, mambo aliyoyafuta kwa kalamu. Bure. Na hakimiliki bado ni ya familia, ila familia iliridhia. Vitabu vyake havijaacha kuuzwa kwa sababu hiyo.

Na msiniambie Arusha hatujui kuhifadhi. Kumbukumbu za Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokaa hapa mjini mpaka 2015, ziko Lakilaki, ndani ya jengo lililojengwa kwa kazi hiyo, na nyingi unazisoma kwenye kompyuta ukiwa popote. Kama kesi zimewekewa jengo, mashairi yamekosa nini?

MWALIMU MSTAAFU (Majengo, Moshi)

Marahaba mwanangu. Umeandika vizuri, ila umepita mlangoni bila hodi.

Sheria ikisema kitu kimekuwa huru, haijasema ingia chumbani. Kitabu alikitoa mwenyewe kwa watu. Barua hakumtolea kila mtu. Unajua barua za Shaaban tunazosoma leo tulizipataje? Alimwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958. Ndugu huyo alizitunza, na ndiye aliyezihariri, TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, wakazichapisha 2002. Aliyepelekewa barua ndiye aliyefungua bahasha mbele za watu. Ndivyo inavyopaswa. Asingekuwa yeye, ukazikuta wewe dukani kwa muuza kashata, ungezipiga picha usiku huo huo, nakufahamu.

Na riwaya zako tatu zilizookoka zisikusahaulishe jambo. Zilipita mikononi mwa watu kabla ya kufika kiwandani. Watu hao walizitunza bila kompyuta. Leo uwapite uende moja kwa moja kwenye mtandao, kana kwamba wao ni kabati tu?

Halafu huyo Mkolombia wako. Umesimulia nusu. Riwaya yake ya mwisho aliikataa, akawaambia wanawe haifai, iharibiwe. Miswada yake ikaingia Texas pamoja na karatasi nyingine, watu wakaisoma, na 2024 wanawe wakaichapisha. Katika utangulizi wanakiri wenyewe kwamba ni usaliti. Mimi siwahukumu. Nasema tu kwamba hifadhi unayoisifu ndiyo iliyolifanya neno la marehemu kuwa maoni tu.

MWANZISHA MADA

Mwalimu, hapo pa barua umenibana. Nakubali: barua ziulizwe. Lakini ziulizwe kwa nani, na jibu lisipokuja kwa miaka kumi, panya anasubiri? Ninachopendekeza ni kutenganisha mambo mawili ambayo huwa tunayafunga fundo moja. Kupiga picha ni kuokoa. Kufungua ni kutangaza. Barua ipigwe picha leo, ifungiwe, ifunguliwe wenyewe wakiridhia. Gazeti la 1940 halina siri ya mtu, lilishauzwa sokoni. Hilo lipigwe picha asubuhi, mchana liwe wazi.

Kuhusu riwaya ya Márquez, waliovunja wosia ni wana, si skana. Mwandishi Kafka naye aliagiza karatasi zake zichomwe, rafiki yake Max Brod akakataa, na hiyo ni miaka ya 1920, hakuna mtandao wala nini.

FUNDI KOMPYUTA (Ngarenaro)

Machalii mnagombania ruhusa, mimi nawaulizia umeme.

Nilifanya kazi kwenye mradi mmoja, siutaji, wa kuskani madaftari ya zamani. Miezi minane. Tulikuwa wanne, skana mbili, glavu, kila kitu. Pesa ya mfadhili ikaisha Juni. Tovuti ikaendelea kama mwaka hivi, halafu jina la tovuti likafika muda wa kulipiwa, hakuna aliyelipa. Ukifungua leo unakutana na matangazo ya kamari. Mafaili yenyewe yako kwenye diski moja, ndani ya droo, na hiyo diski nilipoichomeka mara ya mwisho ilitoa mlio tk tk tk. Anayejua huo mlio anajua.

Daftari la karatasi la 1920 bado linasomeka. Diski ya juzi haisomeki. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "tukiweka mtandaoni tumehifadhi" nacheka peke yangu. Mtandaoni ni dirisha tu, ghala liko kwingine. Nakala ziwe tatu, zikae vifaa viwili tofauti, na moja iwe mji mwingine kabisa. Na awepo mtu, mwenye mshahara na jina lake kwenye kitasa cha mlango, ambaye kazi yake ni kuzifungua kila mwaka kuona kama bado zinapumua, na kuzihamishia kifaa kipya kabla cha zamani hakijakata roho. Skana ni laki kadhaa, tutachanga. Mshahara wa huyo mtu miaka thelathini nani analipa? Hilo ndilo swali la kwanza, mengine ni kahawa.

Jambo lingine dogo. Msipige kwa simu mkiegemea dirishani halafu mkatuma kwa WhatsApp. WhatsApp inaikamua picha. Nukta 300 kwa inchi iwe ndio chini kabisa, na faili kubwa isiyobanwa itunzwe, hata kama mtakayoonyesha watu ni ndogo.

MWENYE DUKA LA VITABU (Arusha mjini)

Na mimi nile nini? Kitabu cha Shaaban kikiwa bure kwenye simu, nani atakuja kwangu?

MWANZISHA MADA

Kaka, mwanafunzi haruhusiwi kuingia na simu darasani, na mwalimu wake anataka kitabu mezani. Anayesoma Kusadikika kwenye kioo kilichopasuka hakuwa mteja wako toka mwanzo. Anayekumaliza wewe ni yule wa fotokopi pale jirani, na huyo unamfahamu kuliko mimi. Isitoshe nimesema vitabu vinavyouzwa tuviache kwanza.

MWANAFUNZI WA CHUO (Usa River)

Habari zenu. Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni mzaliwa wa Machame. Mwaka jana nilikuwa natafuta picha ya kijiji chetu, nikazikuta picha za wamisionari wa Leipzig, za enzi za Mjerumani, zimewekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Southern California. Migomba, mifereji, watoto wamesimama wima wanaogopa kamera. Nilikaa mpaka saa nane usiku, bando likaisha. Kwa hiyo kwa upande wangu, ziwekwe wazi, sina mjadala.

Lakini kilichonikera ni maelezo. Ni ya Kijerumani na Kiingereza. Mtoto aliyepo pichani ana kabila, lakini jina hana. Bibi yangu angeweza kutambua ukoo kwa nyumba tu, ila hakuna alipoulizwa, na yeye asingejua neno la kuandika ili aifikie picha hiyo. Mlango uko wazi, kibao kimeandikwa kwa lugha ya mwenye jengo.

Ikija zamu ya Shaaban naomba tusirudie. Orodha iwe ya Kiswahili. Mtu akitafuta "shairi la kujibizana" alipate chini ya neno hilo hilo. Na mashine za kusoma maandishi kwenye picha huwa zinavuruga Kiswahili cha magazeti ya zamani, wino umekwajuka na herufi zimekatika, hivyo watu itabidi wakae wasahihishe mstari kwa mstari. Hiyo ni kazi ambayo sisi wanafunzi tungeifanya hata kwa chai na maandazi.

WA SAKINA

Samahani, mimi nauliza tu. Shaaban ni wa Tanga. Ana vitabu, ana tuzo zenye jina lake, ana watetezi kila kona. Huku kwetu Petro Itosi Marealle aliandika Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kikatoka 1947, kwa Kiswahili. Waliokisoma humu wanyooshe mkono. Kuna Nathaniel Mtui, aliyeandika historia ya Wachagga kwenye madaftari, na watafiti wa baadaye kama Kathleen Stahl wakachota humo. Mnayajua hayo madaftari? Mkubwa amelindwa na ukubwa wake. Skana ya kwanza ielekezwe kwa wasio na mtu.

MWANZISHA MADA

Wa Sakina, hilo sikuliwaza na sina jibu zuri. Labda hili: ukianza na Mambo Leo, humwokoi Shaaban peke yake. Kwenye ukurasa mmoja yumo yeye, chini yake karani wa Kondoa anayemjibu kwa vina, pembeni mtu wa Moshi analalamikia bei ya kahawa. Kwa jina la mkubwa tunawavuta na wadogo. Marealle ningemweka wa pili, na sibishani na atakayemweka wa kwanza.

MWALIMU MSTAAFU

Nimesoma yote. Kijana wa Ngarenaro amesema la maana kuliko wote, nikiwemo mimi.

Sasa niseme ambacho sikukisema mwanzo. Nina sanduku la bati la marehemu baba. Ndani yake mna Mambo Leo, kama kilo tatu nne, za miaka ya vita na baada ya vita. Mchwa walishaonja kona moja. Sijawahi kumwonyesha mtu kwa sababu niliwahi kumwazima mtaalamu mmoja picha za harusi ya wazazi wangu akazipiga, na hazijarudi mpaka leo. Ndiyo maana nina ukali na neno "wazi".

Gazeti si barua, hapo mwanzisha mada ameshinda. Lakini sanduku halitoki ndani ya nyumba hii.

FUNDI KOMPYUTA

Shikamoo Mwalimu. Sina haja ya kulitoa. Nakuja na kamera, stendi yake na kioo cha kulalisha kurasa. Jumamosi hii saa tatu nitakuwa Moshi. Dada wa Usa River akitaka nampitia njiani, atakuwa anafunua kurasa. Umeme upo huko kwenu?

MWALIMU MSTAAFU

Marahaba. Umeme upo, na ukikatika dirisha la sebuleni linaelekea mashariki. Njoo na diski mbili. Moja inabaki hapa, ndani ya sanduku, juu ya magazeti.